Castory Anachota Maji

Ukifika Ujiji ukaulizia nyumba ya fundi Saad, utaonyeshwa nyumba zaidi ya moja, maana kila mtaa una Saad wake na kila Saad ni fundi wa kitu fulani. Lakini ukisema unamtaka yule wa mashine za hospitali, watu wataacha walichokuwa wakifanya wakusindikize hadi mlangoni, na njiani watakueleza habari ya Castory hata kama hukuuliza. Watakueleza vibaya. Wengi wao hawakuwepo, na waliokuwepo walikuwa wameshaamua cha kusema kabla hawajaona kitu. Mimi nitaieleza kama ilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kuisikia ikiharibiwa.

Saad alizaliwa hapohapo Ujiji. Baba yake alikuwa Mmanyema, muuza mawese sokoni, na mama yake Muha wa milimani. Barazani walizungumza Kiswahili, jikoni Kiha, na mtoto akikosa adabu alikaripiwa kwa lugha zote mbili. Mafundi wengi hupenda kujisifu kwamba utotoni walifungua redio ya baba. Saad hakufungua redio ya mtu. Yeye alikuwa mtoto wa kuuliza "na je, ikitokea?" Na je, ikitokea mvua ikanyesha dagaa wakiwa wameanikwa? Na je, ikitokea mwenye ufunguo akafia safarini? Mama yake alimpenda mno, lakini kuna siku alimpa hindi la kuchoma kusudi tu nyumba ipate kimya.

Swali hilohilo ndilo lililokuja kumpa ugali. Alisoma Dar es Salaam, akaajiriwa huko kwenye karakana iliyokuwa ikinunua mashine chakavu za kusafisha damu kutoka ng'ambo, mashine za watu wenye figo zilizochoka. Karakana ilikuwa inang'oa ubongo wa zamani wa mashine, ule ambao vipuri vyake havipatikani tena duniani, na kuweka ubongo mpya uliotengenezwa palepale. Vijana wengine waliandika programu inayoendesha ubongo huo. Kazi ya Saad ilikuwa kuisoma programu mstari kwa mstari kabla haijaingizwa kwenye mashine, na katika kila mstari kuuliza lile swali lake. Wenzake walimwita Munkari, malaika wa kaburini anayehoji maiti, na yeye alilipenda jina hilo.

Hospitali moja ya Kigoma ilipochukua mashine tatu za karakana ile, wenye karakana walitaka mtu wa kukaa nazo karibu. Saad aliomba arudi nyumbani. Baba yake alikuwa amezeeka, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kununua samaki wa kwao, mgebuka, akiwa wa barafu. Akarudi, akaoa, akawa anapanda bodaboda kila wiki na begi lake la vifaa mgongoni kwenda kuzikagua mashine zake. Alizijua kwa sauti. Alikuwa akiingia wodini akisalimu wagonjwa, huku sikio moja likisikiliza pampu.

Mashine yenyewe haina uchawi. Inavuta damu ya mgonjwa kwa mpira, inaisafisha, inairudisha. Njiani inatoa na maji, yale ambayo figo zimeshindwa kuyatoa, na hapo kwenye maji ndipo penye hatari. Mgonjwa akibaki nayo mengi anavimba, anakosa pumzi. Akitolewa kupita kiasi presha inaporomoka, miguu inakaza, na moyo unaweza kukata tamaa. Kwa hiyo muuguzi huiambia mashine, mtoe huyu maji kiasi hiki, na mashine huhesabu mizunguko ya pampu yake ndogo mpaka kiasi kile kitimie. Kila mashine ina vipimo vyake, kwa kuwa hakuna pampu mbili zinazosukuma sawa, hasa zikiwa chakavu. Vipimo hivyo Saad alivipima kwa mkono wake, akaviweka kwenye kumbukumbu ya kila mashine.

Sasa Castory. Alikuwa mzee wa Katonga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mwenye mitumbwi na nyavu, lakini alianza kazi ujanani kwa kuchota maji yaliyoingia mtumbwini wenzake wakivua. Figo zilipomwangusha akawa mgonjwa wa mashine ya pili, mgonjwa mwenye mdomo. "Nimelichota hili ziwa maisha yangu yote," alikuwa akiwaambia wenzake, "sasa limenihamia tumboni, nanyi mnalichota kwa umeme." Mkewe, Recho, alikuwa akimletea uji na kukaa naye mpaka mashine imalize. Asubuhi moja Castory alifunga macho akiwa kitini, pampu ikizunguka, na hakuyafungua tena. Daktari alisema ni moyo. Na ulikuwa moyo. Hata Saad, ambaye baadaye alikuja kushuku kila kitu hadi kivuli chake, hilo hakulishuku kamwe.

Wagonjwa wa mashine zile si watu wa kuonana siku moja na kusahauliana. Wanakaa pamoja kila wiki, wanajuana watoto, wanaazimana nauli. Castory alipozikwa wakamwendea sista Lulu, mkuu wa kitengo kile, wakamwomba mashine ya pili ipumzishwe mpaka arobaini ya marehemu ipite. Waislamu na Wakristo walikuwa na neno moja. Mtu hakai kwenye kiti cha marehemu na udongo wa kaburi bado mbichi, walisema. Hakuna kitabu cha uuguzi kinachosema hivyo, lakini Lulu ni mtoto wa Ujiji, na moyoni alikubaliana nao. Akaongeza zamu ya alasiri kwenye mashine mbili zilizobaki, akachomoa waya wa mashine ya pili ukutani, akauviringa vizuri. Recho akaleta kanga akaifunika.

Saad alipopita kwenye ukaguzi wake aliikuta imefunikwa. Aliuliza, akaambiwa. Alisoma Fatiha kimoyomoyo ingawa marehemu alikuwa Mkatoliki, akaendelea na zile mbili. Yeye wa "na je, ikitokea?" hakuliuliza swali lake. Jambo lilionekana la heshima, na lilikuwa la heshima, na huenda ndiyo maana lilimpita.

Arobaini ikasomewa Katonga, watu wakala wali, kesho yake Lulu akaifunua mashine na kuchomeka waya. Ikajikagua yenyewe kama zifanyavyo, ikawasha taa ya kijani. Mgonjwa wa kwanza kukalishwa alitoka akisema miguu inamvuta. Wa pili alizimia wakati anavaa viatu. Lulu aliwapima uzito, mizani ikaonyesha wamepungua zaidi kuliko mashine inavyosema, na Lulu akailaumu mizani, kwa kuwa mizani ile ilikuwa nzee na Saad mwenyewe alishawahi kumwambia aiamini mashine kuliko mizani. Ndipo mmoja wao akasema, nusu mzaha, "Huyu Castory huyu. Bado anachota maji."

Mzaha huo ulitembea. Kabla ya wiki kuisha hakuna aliyeucheka tena. Wagonjwa wakawa wanapiga hodi kwenye mashine kabla ya kukaa. "Hodi mzee Castory, tunaomba utuchotee kidogo tu." Wengine walimwaga maji ya kunywa sakafuni ili apate yake kwanza. Lulu aliwakaripia, kisha akachoka, kisha siku moja akajikuta na yeye amepiga hodi.

Ndipo ikaja zamu ya mama Skolastika. Alikuwa mkulima wa kahawa wa Kalinzi, mama mnene wa kicheko, anayeshushwa mjini kwa pikipiki na mwanawe Bonifasi. Asubuhi ile walikuwa wakizungumzia paa la nyumba. Katikati ya maneno mama akanyamaza, jasho likamtoka, mikono ikawa baridi. Lulu alisimamisha kutoa maji, akamrudishia mengine mwilini, akamwita daktari, wakafanya yote yanayofanywa. Haikusaidia. Bonifasi alikuwa bado ameshika kikombe cha mama yake.

Saad aliitwa siku hiyohiyo. Aliikagua mashine kwa majaribio yake yote ya ndani, yale ambamo mashine hujihoji na kujijibu yenyewe. Ikafaulu yote. Nje ya mlango walikuwa wamesimama Bonifasi, wagonjwa na ndugu zao, wakingoja neno. Saad akatoka akasema, "Mashine nzima. Haina tatizo lolote."

Laiti angalisema hajui! Watu wale hawakuwa wajinga. Walihesabu kama mtu yeyote angehesabu. Mashine nzima, sista hana kosa, mama amekufa, basi nani? Jibu walikuwa nalo mdomoni tayari. Bonifasi aliteremka Katonga na uchungu wake wote, akasimama mbele ya Recho aliyekuwa akigeuza dagaa wake, akamwambia mumewe ni muuaji na yeye ndiye aliyemfunika ili asitoke. Kuanzia siku hiyo wanawake waliokuwa wakianika karibu na Recho walihamisha vichanja vyao. Wanunuzi wa kutoka mjini waliulizia dagaa, wakionyeshwa wake walisema wanarudi, na hawakurudi. Walisema dagaa wale wana maji ya watu.

Saad naye alikuwa na yake. Tangu siku ya mama Skolastika pampu ile ilikuwa ikizunguka kichwani mwake. Aliisikia akila, akiongea na mkewe, akiswali. Alikosea rakaa akarudia, akakosea tena. Mashine ilikuwa imefungiwa chumbani, imezimwa, na Lulu ndiye aliyekuwa na ufunguo, lakini Saad angeweza kuapa kwamba ilikuwa ikifanya kazi mahali fulani. Aliogopa. Hakuogopa Castory. Aliogopa kwamba kuna kitu anakijua bila yeye mwenyewe kujua bado kuwa anakijua.

Alasiri moja Recho akapiga hodi Ujiji.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai," alisema, akakaa. Aliangalia begi la vifaa lililokuwa pembeni. "Wewe ndiye uliyesema mashine nzima?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwetu wanasema, kama mashine nzima, mbovu ni Castory."

Saad alilisogeza begi nyuma ya miguu yake.

"Sikuja kukugombeza. Castory namjua. Mkali wa pesa, mkali wa nyavu, ego, ndiyo, hilo sikatai. Lakini kumtoa roho mama wa watu? Nataka wewe uliyesoma uniambie. Mume wangu ameua?"

"Mama, marehemu haui mtu."

"Hilo padri alishaniambia. Mimi nimekuuliza Castory." Alisimama akajifunga kanga vizuri. "Kaangalie tena. Kama ni yeye, nieleze, najua nitakavyomwambia. Kama si yeye, uje ukawaambie wale. Mimi hawanisikii."

Alipoondoka, Saad alitoa kompyuta yake palepale barazani, akaifungua ile programu ya mashine na kuanza kuisoma upya kutoka mwanzo, kama vile hajawahi kuiona. Mkewe alimletea chai ikapoa. Hakufika mbali. Mstari ulikuwa pale, mwembamba, umeandikwa na mwenzake Ashraf miaka ile ya Dar: kumbukumbu ikikutwa tupu, tumia vipimo vya kawaida, endelea na kazi.

Kumbukumbu ile ilikuwa ikilindwa na betri ndogo ya duara, kama ya saa ya mkononi, inayojichaji mashine ikiwa imechomekwa. Ikichomolewa, betri hubeba kumbukumbu peke yake kwa wiki kadhaa, halafu huishiwa. Saad alikumbuka siku aliyousoma mstari ule. Alikumbuka hata kiti. Alikuwa ameuliza swali lake, kama kawaida: na je, ikitokea betri ikaisha? Na akajijibu mwenyewe, kwa haraka, kwa kuwa ilikuwa karibu na saa ya kutoka: hakuna hospitali itakayochomoa mashine ya kusafisha damu wiki zote hizo na watu wako foleni. Haiwezi kutokea. Akaupitisha.

Yeye, mtoto wa Ujiji! Aliyekula wali wa arobaini tangu hajaota meno. Aliyewahi kuona duka la mjomba wake likifungwa mpaka arobaini ipite, na kitanda cha bibi kikisimamishwa ukutani. Angekuwa Mzungu angesema hakujua. Lakini kule Dar, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, alikuwa amefikiri kama mtu asiye na marehemu. Saad aliweka mikono usoni, na mkewe alipomuuliza kuna nini alisema, "Nimeua mtu," kwa sauti ya kawaida kabisa, na mkewe akaangusha sufuria.

Asubuhi alikwenda hospitalini na ndoo. Lulu akamfungulia chumba. Waliiunganisha mashine ya pili kwenye ndoo ya maji ya chumvi badala ya mtu, wakaiamuru itoe maji kidogo, yale yanayotoka wakayakinga kwenye jagi la kupimia. Pampu ikazunguka. Kwenye kioo mashine ilikuwa ikijisomea kiasi ilichoamriwa, kwa utulivu, huku jagi likipita alama, likizidi kupita. Pampu ya mashine ile, ingawa chakavu, ilikuwa na nguvu kuliko ya kawaida. Kwa vipimo visivyo vyake ilikuwa ikichota mengi na kuripoti machache. Lulu alitazama jagi mpaka mashine ilipolia kumaliza kazi. Kisha akakaa sakafuni na sare yake nyeupe.

"Mizani ilituambia," alisema. "Saad, mizani ilituambia."

Kutengeneza kulikuwa rahisi, na urahisi huo ulimuumiza kuliko kitu kingine. Aliuondoa mstari ule. Mahali pake aliandika kwamba kumbukumbu ikikutwa tupu mashine isifanye kazi yoyote: iwashe taa nyekundu, ikatae mgonjwa, iandike kwenye kioo kwamba vipimo vimepotea na fundi aitwe. Vipimo vyenyewe akavihamishia kwenye kumbukumbu ya aina nyingine, isiyohitaji betri. Hakujiamini tena kujisoma mwenyewe, hivyo alimtumia Ashraf kazi yote aikague, akimweleza na sababu. Ashraf akapiga simu. "Niliuandika mimi ule mstari," alisema. "Niliusoma mimi," Saad akajibu. Ashraf aliusoma mstari mpya mara nyingi, akauliza maswali ya Munkari, kisha akasema sawa.

Saad aliingiza programu mpya kwenye mashine zote tatu. Alizipima upya kwa ndoo na jagi mpaka Lulu akawa anazisoma alama pamoja naye. Kisha akang'oa ile betri mbele ya Lulu na daktari, akafuta kumbukumbu kwa makusudi, akawasha. Taa nyekundu. Mashine ikakataa, ikapiga kelele, haikubembelezeka. Daktari akampa mkono. Saad aliuangalia mkono ule kama hajui unatumikaje.

"Sasa ni salama," Lulu alimwambia walipobaki wawili. "Ripoti nitaipeleka mimi kwa wakubwa, karakana yenu nao wataarifiwa, yote yatafuata njia yake. Lakini huko nje usiseme, Saad bwana. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Castory wameshamzoea. Wanampigia hodi, wanakaa, wanaishi. Ukiwaambia ni mashine, kesho wodi tupu. Watakaa nyumbani wavimbe wafe. Utakuwa umeua wangapi?"

Hoja ile haikuwa ya kijinga. Saad alitamani kuikubali. Ingemsitiri yeye, ingeisitiri karakana, na kina Recho ni watu wa ziwani, watu husahau. Alikaa nayo tangu adhuhuri mpaka akaona anaipenda mno, ndipo akaishuku. "Kuna mama hauzi dagaa," alimwambia Lulu. "Wagonjwa nitakaa nao mimi, mmoja mmoja, niwaonyeshe ndoo na jagi. Nitakaa nao mwaka mzima ikibidi."

Alianzia Kalinzi. Pikipiki ilimpandisha hadi njia ilipoisha, akamalizia kwa miguu kati ya migomba na mibuni. Bonifasi alikuwa juu ya paa, akipigilia mabati yale ambayo mama yake hakuwahi kuyaona.

"Mwakeye, kaka," Saad alimsalimia kwa Kiha chake cha jikoni.

"Mwakeye. Panda au nishuke?"

"Shuka. Ni habari ya mama."

Alimweleza wakiwa wamesimama. Hakuzungushia maneno. Bonifasi alisikiliza akiwa na nyundo mkononi, na Saad alikuwa akiiangalia nyundo ile, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikiingoja. Bonifasi aliishusha taratibu akaiweka juu ya jiwe.

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilipaswa kujua. Ilikuwa kazi yangu kujua."

"Mimi nilimtukania yule mama marehemu wake," Bonifasi alisema. Machozi yalikuwa yakimshuka naye hayafuti. "Nilimtemea mate mbele ya watu. Imana, Mungu wetu, atanitazamaje mimi?" Aliingia ndani, akatoka na shati safi. "Wewe sijui nikufanye nini. Nitalifikiria. Kwanza twende Katonga."

Walifika mitumbwi ikiwa imeshashusha, wanawake wakimwaga dagaa juani. Kichanja cha Recho kilikuwa peke yake upande wa mwisho, pamoja na nafasi kubwa tupu ambayo kila mtu aliipita kwa pembeni. Bonifasi alikwenda moja kwa moja, akavua kofia, akapiga magoti mchangani mbele ya macho ya soko zima, na Saad akasimama nyuma yake akapaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema mashine ilichomolewa muda mrefu kwa heshima ya marehemu, ikasahau vipimo vyake. Ilipaswa kukataa kazi, haikukataa, ikabahatisha, ikawatoa watu maji kupita kiasi. Aliyeiruhusu kubahatisha ni yeye, Saad, mtoto wa muuza mawese wa Ujiji. Castory hakumgusa mtu.

Mwanamke mmoja akajishika kichwa, mwingine akauliza kama ni kweli, akaambiwa na Bonifasi kwamba ni kweli, yeye ndiye mwenye msiba. "Nisamehe, mama," Bonifasi alisema. "Nilikukosea wewe, nikamkosea mzee."

"Nimekusamehe, mwanangu. Simama. Pole na mama," Recho alisema, lakini hakuwa akimtazama. Alikuwa akimtazama Saad. Nyuma yao sauti ya mnunuzi iliuliza dagaa wale wanauzwaje, na Recho hakugeuka.

"Kwa hiyo Castory hayumo mle," alisema.

"Hayumo, mama."

"Hata kidogo?"

Saad alitegemea shukrani, au laana, na vyote viwili alikuwa amejiandaa navyo. Hili hakuwa amejiandaa nalo. "Hata kidogo, mama. Hajawahi kuwamo."

Recho alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea chenji asiyoielewa. "Mimi nilikuwa naenda," alisema. "Walivyoanza kusema anachota, nikaenda. Nasimama nje pale kwenye dirisha la wodi, naisikia ile pampu, namweleza habari za nyumbani. Nani kazaa, nani kapata samaki, nyavu nimempa nani. Nikisema naye, naona inazunguka vizuri. Hata walipoifungia niliendelea kwenda, nasikia zile nyingine, naona ni yeye. Walivyonihama hapa wote, sikujali sana, mwanangu. Nilisema waache, mimi mume wangu ninaye."

Watu wa Katonga walikuwa wamemsema sana Recho kwamba siku ya mazishi hakulia, wakahesabu na hilo katika mashtaka yake. Sasa alikaa mchangani kando ya kichanja, na kilio kikamtoka kikiwa kizima, cha siku ya kwanza ya msiba. Wale wanawake waliohama waliangaliana. Mmoja akaacha ungo wake akaja akakaa, kisha mwingine, wakamzunguka wakavua viatu wakanyoosha miguu, kama ndiyo kwanza habari zimefika, na Saad akakaa upande wa wanaume pamoja na Bonifasi kwa kuwa ndivyo msiba unavyokaliwa.

"Castory we," Recho alikuwa akisema, "kumbe ulishakwenda. Kumbe siku zote hizo nilikuwa naongea peke yangu."